Mizizi ya mahindi, alumini na chupa ya homoni: je, kuna msaada?

Mwalimu wa Shinyalu anauliza:

Nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Biolojia, na sasa nalima ekari moja na nusu karibu na Shinyalu, Kakamega. Kwa misimu miwili mfululizo mahindi yangu yameota vizuri, kisha yakadumaa yalipofika kimo cha goti, huku majani ya chini yakigeuka zambarau pembeni. Wiki iliyopita nilichimba miche mitano kwa koleo badala ya kuing'oa kwa mkono, nikailoweka ndani ya beseni na kuiosha polepole hadi udongo wote ukatoka. Mizizi niliyoikuta ilikuwa mifupi na minene, yenye ncha za kahawia zilizovimba kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na vile vijizizi vya pembeni ambavyo kwa kawaida hujaa kama nywele vilikuwa vichache mno.

Majibu ya maabara yanasema kwamba udongo una pH (kipimo cha asidi, ambacho kikishuka asidi huzidi) ya 4.7, na kwamba alumini imeshikilia karibu asilimia 40 ya nafasi ambazo zingeshikiliwa na kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Cha ajabu ni kwamba jirani yangu ana majani chai upande wa pili wa ua, kwenye udongo huo huo mwekundu, na yamenawiri.

Nilipopeleka habari hii kwenye duka la pembejeo, kijana aliyekuwapo aliniuzia chupa ya "homoni ya mizizi". Alinieleza kwamba ina oksini na kwamba nikiichanganya na maji na kuimwaga shinani, mizizi itarefuka. Sijaifungua. Nilipokuwa darasani niliwafundisha wanafunzi kwamba oksini hurefusha seli, kwa hiyo maelezo ya kijana huyo yana mantiki. Lakini nimewahi kusoma pia kwamba alumini yenyewe huongeza oksini kwenye ncha ya mzizi. Ikiwa ni hivyo, mbona mzizi hufupika? Naomba aliye na ujuzi anieleze alumini huzifanyia nini homoni za mzizi, na kama kuna faida yoyote ya kuongeza homoni kutoka nje.

Mtafiti wa Njoro anajibu:

Mwalimu, umefanya vyema kuiosha mizizi kabla ya kufungua chupa. Wengi huangalia majani ya zambarau, wakasema ni upungufu wa fosforasi, wakaongeza mbolea na kuishia hapo. Fosforasi kweli imepungua, lakini mzizi wenye urefu wa kidole hauwezi kuifuata hata ikiwapo, na alumini hiyo hiyo huifunga fosforasi udongoni kabla mmea haujaifikia.

Alumini ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote katika gamba la dunia, yapata asilimia 8 kwa uzito, na haina madhara maadamu imefungwa ndani ya madini ya udongo. pH inaposhuka chini ya 5.5, na hasa inapopita chini ya 5, sehemu yake huyeyuka na kuwa ioni yenye chaji chanya tatu. Ioni hiyo huganda kwenye pektini, ile gundi ya kuta za seli, ambayo ina chaji hasi, ikazifanya kuta kuwa ngumu, na mzizi huweza kuanza kupunguza mwendo wake ndani ya saa moja tu.

Sasa tufike kwenye swali lako, ambalo limewashughulisha watu kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilionyeshwa kwamba sehemu ya mzizi wa mahindi inayodhurika zaidi na alumini ni kipande kifupi sana, milimita moja hadi mbili hivi kutoka nchani, kati ya mahali seli zinapogawanyika na mahali zinaporefuka. Huitwa eneo la mpito. Alumini ikiwekwa kwenye kipande hicho peke yake, ukuaji wa mzizi hupungua sana. Ikiwekwa juu kidogo, kwenye seli zinazorefuka zenyewe, athari ni ndogo. Litazame jambo hilo vizuri: seli zinazoguswa na sumu si zile zinazoacha kurefuka. Hivyo ni lazima pawepo na ujumbe unaotoka kwa seli zilizoguswa hadi kwa zile ambazo hazikuguswa, au ujumbe ambao ulipaswa kufika na haukufika. Hapo ndipo homoni zinapoingia.

Oksini hushuka kutoka kwenye majani machanga kupitia katikati ya mzizi hadi nchani, kisha hugeuka na kupanda tena kupitia seli za nje, ikibebwa na protini maalumu zinazoisukuma kutoka seli moja hadi nyingine. Katika utafiti wa mahindi uliochapishwa mwaka 2000, alumini iliyowekwa kwenye eneo la mpito ilizuia mkondo huo wa kupanda, na oksini ilipotiwa moja kwa moja kwenye eneo la kurefuka, mzizi ulirudisha sehemu ya ukuaji wake. Natambua kwamba kijana wa dukani angefurahi kuisoma sentensi hiyo, lakini asubiri kidogo.

Katika mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, mambo yalionekana kwenda kinyume. Huko alumini huamsha kwanza utengenezaji wa ethilini, ile gesi ambayo sisi hapa huitumia bila kuitaja tunapofunika mkungu wa ndizi ili uive. Ethilini nayo huwasha jeni za kutengeneza oksini papo hapo kwenye eneo la mpito, oksini hurundikana mahali pamoja, na mrundikano huo ndio unaozuia seli zisirefuke. Mimea ambayo jeni zake za kusikia ethilini zimeharibika huendelea kukua vizuri zaidi kwenye alumini kuliko mimea ya kawaida. Kwa hiyo ulichokisoma ni kweli, na ulichokifundisha darasani ni kweli pia, kwa sababu oksini hurefusha seli za shina kwa kiasi ambacho kwenye mzizi huzuia. Mzizi una hisia kali kuliko shina, na kiasi kidogo tu kinachozidi kile unachohitaji huufunga.

Je, mahindi na Arabidopsis vinapingana? Mimi sioni hivyo. Katika mimea yote miwili oksini imetoka mahali pake: katika mmoja imekwama ikarundikana, katika mwingine haikufika ilikotakiwa. Tatizo ni mpangilio wake, na mpangilio wa milimita mbili hauwezi kurekebishwa kwa kopo la kumwagilia.

Homoni nyingine nitazipitia haraka. Saitokinini huongezeka pamoja na oksini katika eneo hilo la mpito na kusaidiana nayo kuzuia ukuaji. Asidi ya jasmoniki, ambayo mmea huitumia pia dhidi ya wadudu, imeonekana katika Arabidopsis kuzidisha ufupi wa mzizi. Asidi ya absisiki huongezeka kwenye mizizi ya soya inayokutana na alumini.

Zaidi ya hapo kuna upande wa kinga. Mimea inayostahimili hutoa asidi za kikaboni kwenye ncha ya mzizi, maleti au sitreti, ambazo huikamata alumini nje ya seli na kuifanya isidhuru. Jeni ya ngano inayofungua mlango wa maleti, TaALMT1, ilitambuliwa mwaka 2004, ikafuatiwa mwaka 2007 na jeni ya mtama inayotoa sitreti. Na hapa homoni hurudi tena: katika ngano, ethilini imeonekana kupunguza utoaji wa maleti kupitia mlango huo. Hebu fikiria mmea ambao kelele zake zenyewe za maumivu zinaufunga mlango wa dawa.

Kuhusu chupa yako, oksini ya kutengenezwa ina kazi yake halali. Wanaozalisha miche kwa vipandikizi hutumbukiza kikonyo kwenye unga wenye oksini ili kitoe mizizi mipya, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Lakini kuanzisha mizizi mipya kwenye kipandikizi na kurefusha mzizi uliopo ni mambo mawili tofauti, na kiasi kinachofanikisha la kwanza mara nyingi huzuia la pili. Kumbuka pia kwamba 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana ambayo wengi wetu tumeipulizia mahindi au miwa, ni oksini ya kutengenezwa. Hata tukichukulia kwamba kiasi kilichomo chupani ni salama, vijidudu vya udongo vitaivunjavunja homoni hiyo, na alumini itabaki palepale kwenye ukuta wa seli.

Afisa ugani wa Vihiga anajibu:

Mwalimu, naunga mkono aliyotangulia kusema, ila nisingependa umalize kusoma ukiwa na elimu ya homoni na shamba lisilo na chokaa.

Kwa pH ya 4.7 na alumini ya asilimia 40, mahindi hayana nafasi nzuri, kwa kuwa mahindi mengi huanza kuumia alumini inapopita asilimia 20 hivi. Chokaa ya kilimo huinua pH, na pH ikifika 5.5 alumini iliyoyeyuka huganda na kuwa kitu kisichoingia kwenye mzizi. Ujumbe ule wa ethilini na oksini hautatumwa kwa sababu hakutakuwa na wa kuutuma. Kiasi halisi hutegemea aina ya udongo, na maabara iliyokupimia ingepaswa kukuandikia, lakini nikichukua mfano wa tani 2 kwa hekta, hiyo ni kama kilo 800 kwa ekari, yaani magunia 16 ya kilo 50. Kwa ekari yako moja na nusu ni magunia 24. Usiogope hesabu hiyo. Chokaa haiwekwi kila msimu, na ukipenda unaweza kuanza na nusu ya shamba.

Imwage sawasawa juu ya ardhi iliyo kavu kiasi, kisha uichanganye kwa jembe hadi kina cha sentimita 15, majuma kadhaa kabla ya kupanda. Chokaa haitembei yenyewe udongoni. Nimewaona watu wakiitia kwenye shimo la mbegu kama mbolea, mzizi ukastarehe ndani ya shimo hilo na kusimama ulipofika ukingoni.

Jambo la pili ni mbolea yako ya kupandia. Ikiwa umetumia DAP kila msimu kwa miaka mingi, amonia iliyomo, inapobadilishwa na bakteria kuwa naitreti, huacha asidi udongoni. Simaanishi kwamba DAP ni sumu, lakini katika udongo kama wako huongeza tatizo pole kwa pole. Kwa kukuzia, CAN ni afadhali. Samadi iliyoiva nayo husaidia kwa njia nyingine, kwa kuwa mboji huikamata alumini karibu kama ile sitreti iliyotajwa hapo juu.

Kuhusu majani chai ya jirani, hayo ni mmea wa aina yake. Mchai hupenda udongo wenye asidi, huichukua alumini na kuihifadhi kwenye majani makuukuu, na mizizi yake hukua vizuri zaidi alumini ikiwapo kuliko ikikosekana kabisa. Kwa hiyo usipime afya ya udongo wako kwa kutazama ng'ambo ya ua, na tafadhali usiache upepo ukampelekea jirani chokaa.

Mama wa Muhoroni anajibu:

Mimi si mtaalamu, ni mkulima tu. Nina bahati kwamba chokaa huchimbwa Koru, si mbali na kwangu, kwa hiyo usafiri haukunisumbua. Kilichonisumbua ni haraka yangu. Mara ya kwanza niliimwaga chokaa asubuhi, na mchana wa siku hiyo hiyo nikatia DAP na mbegu katika mistari ile ile kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Nilisikia harufu kali ya amonia ikipanda puani hadi macho yakatoa machozi, nikajua pesa yangu inapaa hewani. Tangu siku hiyo chokaa yangu huenda shambani Januari.

Nina jambo jingine ambalo sijasikia mkilitaja. Mahali ambapo mahindi yangu yalikuwa mabaya zaidi ndipo pia kayongo ilipojaa, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Baada ya chokaa na mbolea ya fosforasi, kayongo haikuisha, lakini imepungua nikilinganisha na zamani. Je, kuna uhusiano na hizo homoni, au ni bahati yangu?

Mtafiti wa Njoro anajibu:

Mama, umeuliza swali ambalo nilipaswa kulitaja mwenyewe. Uhusiano upo, nao unapitia homoni ambayo sikuigusa kabisa.

Mzizi unaokosa fosforasi hutengeneza na kutoa udongoni homoni za kundi liitwalo strigolaktoni. Mmea huzitoa kwa nia njema, kwa sababu huwaita kuvu rafiki wanaoishi na mizizi na kuiletea fosforasi kutoka mbali. Lakini mbegu ya kayongo, ambayo ni ndogo kama vumbi na inaweza kulala udongoni kwa miaka mingi, nayo huusikia mwito huo, ikaota na kujishikiza kwenye mzizi. Kemikali ya kwanza ya kundi hilo ilitambuliwa mwaka 1966 kutokana na mizizi ya pamba, na ilichukua hadi mwaka 2008 kugundulika kwamba ndani ya mmea strigolaktoni ni homoni halisi inayodhibiti matawi.

Katika udongo wa asidi, basi, mambo hufuatana: alumini hufupisha mzizi na kufunga fosforasi, mmea wenye njaa hupaza sauti, na kayongo huisikia. Chokaa na fosforasi hupunguza njaa, na kwa hiyo hupunguza mwito. Sitaki kukuhakikishia kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya ulichokiona, maana mahindi yenye nguvu hustahimili kayongo kwa njia nyingine pia, lakini si bahati tupu. Endelea kuing'oa kabla haijatoa mbegu.

Mwalimu wa Shinyalu anajibu:

Nawashukuru sana, hasa Mama wa Muhoroni kwa lile swali la kayongo, kwa maana nayo ninayo upande wa chini wa shamba.

Kabla ya kununua magunia 24, nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilichukua udongo wa sehemu ile mbaya kabisa, nikaujaza kwenye makopo sita yaliyotobolewa chini. Mawili niliyaacha kama yalivyo, mawili nikayachanganyia chokaa na kuyamwagilia kwa siku kumi kabla ya kupanda, na mawili ya mwisho nikayatilia dawa ya chupa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Mbegu zilitoka kwenye pakiti moja. Siku ya tisa baada ya kuota niliikata mikebe na kuosha mizizi ndani ya lile beseni langu.

Katika udongo mtupu mizizi mikuu ilikuwa na urefu wa sentimita 5 hadi 6, yenye ncha zile zile za kahawia. Katika udongo wenye chokaa ilikuwa imegusa chini ya kopo na kujikunja, nyeupe, nami sikuweza kuhesabu vijizizi vya pembeni. Katika makopo ya homoni haikupita sentimita 4, ila ilikuwa imetoa vijivimbe vingi karibu na mbegu, kana kwamba mzizi ulitaka kuanza upya mara kumi bila kwenda popote. Najua makopo sita si utafiti. Chupa nimeirudisha dukani, na kijana alikubali kunibadilishia kwa gunia la chokaa baada ya kuiona ile miche niliyokuwa nimeifunga kwenye karatasi ya gazeti.

Nina swali moja la mwisho kwa Afisa ugani. Ikiwa chokaa inakaa kwenye sentimita 15 za juu, mzizi utakapopita hapo hautakutana tena na alumini?

Afisa ugani wa Vihiga anajibu:

Utakutana nayo, Mwalimu, na hilo huonekana zaidi mvua inapokatika mapema, kwa kuwa mizizi iliyobaki juu hukosa maji wakati udongo wa chini bado una unyevu. Jasi hushuka chini kuliko chokaa na hupeleka kalsiamu huko, ingawa haiinui pH kama chokaa, na watu wachache huitumia huku kwetu. Kabla hujafikiria jasi, chukua sampuli nyingine ya kina cha sentimita 20 hadi 40 kutoka sehemu tano za shamba, uichanganye na kuipeleka peke yake, usiiunganishe na ile ya juu. Andika kina kwenye mfuko kwa kalamu isiyofutika, maana mwaka jana nilipeleka mifuko yangu ikiwa imeloa, na maabara ikanipigia simu kuniuliza upi ni upi.